Upepo, dawa au joto: njia tatu za kulinda mabomba ya trela dhidi ya baridi kali

Mwenye trela la kusafiria akianza kuona jalidi asubuhi, swali linalomkabili ni moja: maji yaliyomo kwenye mabomba yaondolewe vipi, au yabaki vipi bila kuganda? Majibu yaliyozoeleka ni matatu. La kwanza ni kuyasukuma nje kwa upepo wa kompresa. La pili ni kuyatoa na kujaza mahali pake dawa ya kuzuia kuganda. La tatu ni kuyaacha yalipo na kulitia trela joto kipindi chote cha baridi. Kila njia ina watu wanaoiamini kabisa, na kila njia imewahi kumwachia mtu bomba lililopasuka, kwa sababu njia hizi hazitofautiani katika nguvu tu. Zinatofautiana zaidi katika namna zinavyokosea na katika namna zinavyokujulisha, au kutokukujulisha, kwamba zimekosea. Kwa maoni yangu jambo hilo la pili ndilo linalopaswa kuongoza uchaguzi, na ndilo nitakalolirudia katika ulinganisho huu.

Maji yanavyopasua

Maji yakigeuka barafu huongezeka ujazo kwa takriban asilimia 9. Ongezeko hilo ni dogo mpaka likose pa kwenda. Barafu inapotanda ndani ya bomba na kuliziba, huyasukuma maji ambayo bado hayajaganda kuelekea koki iliyofungwa. Presha hupanda katika kipande hicho kilichofungiwa, na mara nyingi ufa hutokea hapo badala ya mahali barafu ilipoanzia. Ndiyo maana koki huachwa wazi baada ya mfumo kukaushwa, na ndiyo maana matone yaliyobaki kwenye bomba lililo wazi hayana madhara makubwa, ilhali maji machache yaliyojaa ndani ya vali iliyofungwa yanatosha kuiharibu.

Mabomba ya PEX, yaani ya plastiki inayonyumbuka, yaliyomo katika matrela mengi ya siku hizi, hutanuka kidogo na kurudi katika hali yake. Visivyovumilia ni vitu vidogo vilivyounganishwa nayo: viungio vya plastiki, kichwa cha pampu, kikombe kiangavu cha chujio kilichotangulia pampu, vali ya choo na koki ya shawa ya nje. Kikombe cha namna hiyo nimewahi kukishika mkononi baada ya usiku mmoja wa baridi kali. Kwa macho kilikuwa kizima, lakini ukucha ukipitishwa chini yake ulikwama kwenye ufa mwembamba kama unywele, na pampu ilipowashwa ilinguruma ikivuta hewa kupitia ufa huo, wala haikuleta tone la maji.

Vigezo vya kulinganishia

Nitazipima njia zote tatu kwa mambo manne: uhakika wa kinga pamoja na dalili ambazo njia inatoa pale inapokosea, vifaa inavyohitaji na kazi yenyewe ilivyo, kazi inayokusubiri siku ya kulirudisha trela barabarani, na mwisho, aina ya mtu inayemfaa. Sikuweka gharama kama kigezo cha peke yake, kwa kuwa inategemea ulicho nacho tayari: mwenye kompresa kwenye banda lake na asiyekuwa nayo hawaanzi mahali pamoja.

Kazi ya awali

Anayechagua upepo na anayechagua dawa huanza kwa hatua zilezile, na nimegundua kwamba wengi wanaoilaumu njia waliyoitumia walikuwa wameruka hatua mojawapo kati ya hizi. Tangi la maji safi limwagwe lote. Koki za kutolea maji zilizo chini kabisa ya mfumo, ya maji moto na ya maji baridi, zifunguliwe. Matangi ya majitaka yamwagwe na kusuuzwa. Chujio la maji ya kunywa litolewe kabisa, kwa kuwa hunyonya maji kama sponji na halikaushwi na upepo wala halipaswi kupitishiwa dawa.

Tangi la maji moto linadai uangalifu wa pekee. Mengi yana ujazo wa lita 23 hivi au 38 hivi. Zima umeme na gesi, yaache maji yapoe, kisha fungua koki moja ya maji moto ili presha itoke kabla hujagusa kizibo cha kutolea maji. Maji ya moto yenye presha yakimrukia mtu usoni humuunguza vibaya. Matangi ya chuma huwa na fimbo ya anodi iliyoshikamana na kizibo hicho, nayo ndiyo inayoliwa na kutu kwa niaba ya tangi, kwa hiyo huu ndio wakati mzuri wa kuitazama na kuibadilisha kama imebaki waya mtupu. Baada ya hapo swichi ya hita ya umeme ibaki imezimwa na ikiwezekana iwekewe kibandiko, kwa maana hita ikiwashwa ndani ya tangi tupu huungua kwa muda mfupi sana.

Uhakika wa kinga, na namna kila njia inavyokosea

Upepo huingizwa kupitia mlango wa maji ya nje, yaani pale mpira wa maji unapounganishwa na trela, ukasukuma maji yaliyomo kutoka koki moja baada ya nyingine. Ukifanywa vizuri huacha mabomba yakiwa na unyevunyevu tu. Udhaifu wake ni kwamba hauonyeshi kilichobaki. Koki hutema maji, kisha ikatoa ukungu, kisha hewa tupu, nawe ukaridhika. Lakini upepo hupita juu ya maji yaliyotuama mahali bomba lilipolegea, na baada ya saa moja maji hayo hutiririka yakakusanyika kwenye kona iliyo chini zaidi. Tena, upepo ulioingia kwa njia hiyo haupiti ndani ya pampu, kwa sababu pampu ina vali ya njia moja inayozuia maji yasirudi nyuma. Pampu, chujio lake na bomba linalotoka kwenye tangi la maji safi hubaki kama vilivyokuwa mpaka uiwashe pampu kwa sekunde kadhaa, tangi likiwa tupu, iteme iliyobakiza, halafu ukifungue kikombe cha chujio na kukimwaga kwa mkono. Anayetumia upepo bila kujua hilo hulinda kila kitu isipokuwa kifaa kilicho dhaifu kuliko vyote.

Dawa hufanya kazi kwa namna nyingine. Haiondoi kila tone; inachanganyika na maji yaliyobaki na kuyafanya yasigande kwa ugumu wa kupasua. Faida yake kubwa ni rangi. Dawa ya matrela kwa kawaida huwa ya waridi, na inapofika kwenye koki unaiona: kwanza maji meupe, kisha waridi iliyopauka, kisha waridi kamili. Iliyopauka maana yake ni kwamba bado imechanganyika na maji mengi, hivyo iache iendelee kutoka mpaka ifanane na ile iliyo ndani ya dumu. Hakuna njia nyingine kati ya hizi inayokupa ushahidi wa macho, koki kwa koki. Inapokosea, basi, hukosea pale ambapo mtu hakufungua koki: shawa ya nje iliyosahauliwa ndani ya kisanduku chake, au upande wa maji moto wa sinki ambao alidhani umeshapata.

Namba iliyoandikwa kwenye dumu nayo huwapotosha watu. Mara nyingi dawa huuzwa ikiwa na namba kama nyuzi 46 za Selsiasi chini ya sifuri. Hicho ni kiwango ambacho dawa, ikiwa haijachanganywa, bado inalinda bomba lisipasuke. Si kiwango cha kuganda kwake. Huanza kuwa uji wa barafu mapema zaidi, na uji huo haupasui kwa kuwa una nafasi ya kusogea. Ukiikuta nzito kama uji asubuhi ya baridi kali, usidhani umeuziwa dawa mbovu. Lakini kumbuka pia kwamba namba hiyo haina maana kwa dawa iliyochanganyika na maji, na ndiyo sababu haifai kumiminwa kwenye tangi la maji safi lenye lita kadhaa zilizobaki chini yake.

Joto ni kinga kamili madhali lipo, na likikatika si kinga hata kidogo. Upepo ukikosea huenda ukapoteza kiungio kimoja. Joto likikatika usiku mmoja, mfumo mzima umejaa maji, kuanzia tangi mpaka choo. Lakini kinachowapata wengi si kukatika kwa joto, ni joto kutokufika. Katika matrela yaliyojengwa kwa ajili ya baridi, hita ya gesi hupeleka hewa ya moto pia chini ya sakafu, yalipo matangi na mabomba. Mwenye trela akiwasha hita ndogo ya umeme chumbani ili aokoe gesi, chumba hupata joto, thamostati, yaani kifaa kinachopima joto na kuwasha hita, ikaridhika, hita ya gesi isiwake, na huko chini ya sakafu maji yakaganda huku yeye amekaa raha mstarehe juu yake. Hapa dalili huja ikiwa imechelewa: ni pale unapofungua koki na hakuna kinachotoka.

Vifaa na kazi yenyewe

Kwa upepo unahitaji kompresa, geji inayoaminika, na kiungio kidogo cha kuunganisha mpira wa upepo na mlango wa maji ya nje. Presha iwekwe kati ya psi 30 na 50 (psi ni kipimo cha presha kinachoonyeshwa na geji), isizidi hapo, kwa maana sili, yaani mipira ya kuzibia, na viungio vya trela havikutengenezwa kwa presha ya karakana. Kilicho muhimu zaidi ya presha ni wingi wa upepo. Pampu ndogo ya kujazia magurudumu inaweza kufikisha psi 40 bila shida, lakini upepo wake ni mchache kiasi kwamba koki ikifunguliwa presha huanguka papo hapo na maji hayasukumwi. Kompresa yenye tangi hufaa zaidi: huijaza, ukafungua koki moja, ukasubiri ijae tena, ukaenda kwenye koki nyingine, na mzunguko mzima ukarudiwa mara mbili au tatu. Kabla ya kuanza, mwaga maji yaliyomo ndani ya tangi la kompresa yenyewe, usije ukarudisha kwenye mabomba kile unachojaribu kukitoa.

Hata anayetumia upepo hawezi kuikwepa dawa kabisa. Ile kona ya bomba chini ya kila sinki na chini ya shawa, inayotunza maji ili harufu ya tangi isipande, haikaushwi na upepo. Kila moja imiminiwe dawa kiasi cha kikombe, na nyingine kidogo iwekwe ndani ya choo na kwenye matangi ya majitaka.

Kwa njia ya dawa, kifaa muhimu kuliko vyote ni mchepuko wa tangi la maji moto, yaani koki moja hadi tatu zinazoyafanya maji yapite pembeni ya tangi bila kuingia ndani. Mchepuko usipogeuzwa, dawa italijaza tangi kwanza, na lita 23 au 38 zitaishia humo bila faida yoyote, kwa kuwa tangi lililomwagwa halihitaji dawa. Mchepuko ukiwa umegeuzwa, trela la kawaida hutosheka na lita 8 hadi 12. Mpira mfupi huunganishwa upande wa pampu unaovuta, ncha yake ikatumbukizwa ndani ya dumu, pampu ikawashwa, ukaanza kupita kwenye koki zote: baridi, kisha moto, shawa ya ndani na ya nje, choo, na mashine ya kufulia kama ipo. Mwishoni pampu huzimwa, koki moja ikafunguliwa ili presha ishuke, ndipo vali ndogo iliyo kwenye mlango wa maji ya nje hubonyezwa mpaka itoe waridi. Hatua hiyo husahaulika sana, na mlango huo ndio ulio karibu zaidi na baridi.

Soma lebo kabla ya kununua, wala usiichague dawa kwa rangi. Inayotakiwa ni ya propilini glaikoli, ambayo hata Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani imeiorodhesha miongoni mwa viambato vinavyotambuliwa kuwa salama katika chakula. Dawa ya rejeta za magari aghalabu ni ya ethilini glaikoli, ambayo ni sumu yenye ladha tamu na imeshaua watu na wanyama. Isiingie kamwe kwenye mabomba ya maji ya kunywa, hata kama nayo ni ya waridi. Kuna pia dawa zilizochanganywa na ethanoli. Hizo hushika moto na hukausha mipira ya sili, na mimi singeziweka kwenye pampu niipendayo.

Kwa joto, vifaa vinategemea trela lilivyojengwa: hita ya gesi yenye njia ya kufika chini ya sakafu, nyaya za kupasha joto mabomba yaliyo wazi, pazia la kuzuia upepo kuzunguka sehemu ya chini, na mpira wa maji wenye waya wa joto kama maji yanatoka nje. Feni ya hita ya gesi huendeshwa na betri, kwa hiyo mtungi uliojaa hausaidii betri ikiisha nguvu. Aina ya gesi nayo ina uzito wake: butani huacha kugeuka mvuke joto likishuka karibu na nyuzi 0, ilhali propani huendelea hadi karibu nyuzi 42 chini ya sifuri. Mtungi wa butani unaweza kukuangusha usiku uleule unaouhitaji.

Siku ya kurudi barabarani

Hapa upepo hauna mpinzani kwa wepesi kati ya njia mbili zinazotumika kwa trela linaloegeshwa. Unafunga koki, unarudisha kizibo, unajaza maji, basi. Hakuna ladha, hakuna povu.

Dawa hudai kusuuzwa mpaka waridi iishe na povu likome, na ladha yake inaweza kubaki hata baada ya hapo. Mchepuko uachwe ulivyo wakati wa kusuuza ili dawa isiingie kwenye tangi la maji moto, urudishwe baadaye. Maji ya kwanza, yenye dawa nyingi, yakingwe kwa ndoo badala ya kuachwa yatiririke ardhini, kwa kuwa hata propilini glaikoli, isiyo sumu kali, hula oksijeni nyingi inapooza ndani ya kijito au bwawa.

Mfumo uliotiwa joto hauhitaji kurudishwa, kwa kuwa haukuwahi kusimama.

Katika njia zote mbili za mwanzo ni vizuri kusafisha mfumo kwa dawa ya klorini ya nyumbani isiyo na manukato, kiasi cha mililita 60 kwa kila lita 57 za maji, ikakaa humo saa kadhaa kisha ikasuuzwa. Halafu funga koki zote, washa pampu, usikilize. Ikijaa presha itanyamaza. Ikinyamaza kisha ikashtuka na kunguruma tena baada ya dakika chache bila mtu kugusa koki, kuna mahali panapovuja, na panapaswa kutafutwa kwa tochi na karatasi kavu kabla trela halijaondoka.

Inamfaa nani

Upepo unamfaa anayelijua trela lake bomba kwa bomba, mwenye kompresa ya kutosha, na anayeweza kusafiri mara kwa mara hata katikati ya baridi, kwa sababu kulifungua na kulifunga tena trela huchukua muda mfupi. Dawa inamfaa anayeliacha trela kwa miezi mfululizo, hasa mahali pa mbali asipoweza kulikagua, na pia asiye na uzoefu, maana rangi humfundisha na kumthibitishia. Joto linamfaa anayeishi ndani ya trela au kulitumia wiki kwa wiki wakati wa baridi. Kwa trela lililoegeshwa bila mtu ni kuchezea bahati.

Kulingana na hali yako

Ikiwa trela umelinunua juzi na hujui mabomba yake yamepita wapi, tumia dawa mwaka huu. Wakati wa kuipitisha utagundua kila koki, kila kona na kila vali iliyofichwa, na mwaka ujao utachagua ukiwa unajua.

Ikiwa unaishi mahali ambapo jalidi huja usiku mmoja mmoja kisha mchana hurudi joto, huenda kumwaga mfumo na kupuliza upepo kunatosha, mradi pampu na kikombe cha chujio vishughulikiwe kwa mkono.

Ikiwa trela lina mashine ya kufulia, ya kuoshea vyombo au ya kutengenezea barafu, elekea kwenye dawa, na ufuate kitabu cha kila mashine. Vali zake za ndani hutunza maji ambayo upepo hauyafikii kwa urahisi.

Ikiwa baridi ya kwenu ni kali na ya muda mrefu, na una kompresa, hakuna kinachokuzuia kuunganisha njia mbili: upepo kwanza, kisha dawa. Maji yakiwa yameshatolewa, dawa haipunguzwi nguvu, waridi hufika haraka, na madumu machache hutosha. Kazi huwa ndefu kidogo wakati wa kufunga na wakati wa kufungua.

Na ikiwa uko safarini, ukaambiwa kwamba usiku wa leo utashuka chini ya sifuri ilhali trela limejaa maji na huna kompresa wala dawa, washa hita ya gesi badala ya ile ya umeme, fungua milango ya makabati yaliyo chini ya masinki, ondoa mpira wa maji wa nje na utumie maji ya tangi, kisha uitazame betri kabla ya kulala.